Kueleza Mwenendo wa Watu: Historia ya Nadharia Bukavu na Kivu Kusini

Nadharia ni maelezo yanayokusanya mambo mengi yaliyoonekana, yakayapa sababu moja au chache, na kumwezesha mtu kutazamia yale ambayo bado hajayaona. Mchuuzi wa Kadutu, mtaa wa Bukavu, anayesema kwamba bei ya samaki wadogo waitwao sambaza hupanda wakati wa mbalamwezi ametoa taarifa tu. Akiongeza kwamba sambaza wa Ziwa Kivu huvuliwa usiku kwa taa, na kwamba taa hupungukiwa nguvu ya kuwavuta mwezi unapong'aa, hapo ameanza kueleza. Maelezo yake yana madai yanayopimika: bei ya nyama ya ng'ombe haitafuata mwezi, na usiku wa mawingu mazito samaki watapatikana hata kama mwezi ni mpevu. Yakianguka katika kipimo hicho, itabidi yarekebishwe au yaachwe. Mwanafalsafa Karl Popper, mzaliwa wa Vienna, alilifanya sharti hilo kuwa mpaka wa sayansi katika kitabu alichokitoa mwaka 1934. Kwake yeye, dai lisiloweza kukanushwa na tukio lolote halielezi kitu.

Mwenendo wa binadamu ni mgumu zaidi kueleza kuliko ule wa sambaza. Watu wana nia, hubadili nia hizo, na zaidi ya yote husikia yanayosemwa juu yao. Mtawala akishaamini kwamba watu fulani ni wakaidi kwa asili, atawatendea kama wakaidi, nao watajibu kwa namna itakayomfanya aone alikuwa sahihi tangu mwanzo. Ndiyo sababu historia ya nadharia kuhusu watu haitengani na historia ya wale waliozitunga, wale waliozitumia, na wale walioelezwa.

Katika Afrika ya kati ni miji michache ambayo watu wake wameelezwa na wageni kwa wingi kama Bukavu. Wabelgiji waliweka kituo hapo mwaka 1901, kwenye rasi zinazoingia ziwani karibu na mahali Mto Ruzizi unapotoka. Mwaka 1927 wakapaita Costermansville, kwa jina la afisa wao Paul Costermans, na katika miaka ya 1950 jina la Bukavu likarudi. Tangu kituo hicho kiwekwe, mji na milima inayouzunguka imepita mikononi mwa wamisionari, maafisa, wanaanthropolojia, wachumi na wataalamu wa mashirika ya misaada, kila kundi na maelezo yake.

Wenyeji walikuwa na maelezo yao kabla ya hao wote. Mfano ulioandikwa kwa undani zaidi ni bwami ya Walega, wanaoishi magharibi mwa Bukavu katika maeneo ya Mwenga na Shabunda. Walega hawakuwa na mfalme. Mamlaka yao yalikaa katika chama chenye madaraja, wanaume na wanawake, ambacho mtu alikipanda hatua kwa hatua hadi daraja la kindi, huku mke wa kindi naye akifikia daraja la kanyamwa. Katika kila hatua mwanagenzi alionyeshwa vitu: vinyago vya mti, sanamu ndogo za pembe ya tembo, ngozi, manyoya, makombe. Kila kitu kilikuja na methali yake na dansi yake. Sanamu yenye nyuso nyingi, Sakimatwematwe, ilifundisha juu ya mtu anayeona pande zote za jambo. Sanamu nyingine ziliwaonyesha watu waliojiharibia kwa ugomvi, uzinzi au tamaa. Mbelgiji Daniel Biebuyck, aliyefanya utafiti kwa Walega mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake kikubwa juu yao mwaka 1973, aligundua kwamba sanamu ileile huweza kubeba methali tofauti katika kikao tofauti. Mkusanyaji wa Ulaya aliyeinunua na kuiweka kabatini alikuwa amenunua nusu ya kitu.

Chini ya mafunzo hayo kulikuwa na nadharia kamili ya tabia. Ilishikilia kwamba mtu hazaliwi na wema, bali wema hujengwa polepole, na kwamba ushahidi wake uko kwa watu wengine. Gharama za kupanda daraja zilikuwa kubwa mno kwa mtu mmoja, hivyo aliyefika juu alikuwa amethibitisha kwamba ndugu, wajomba na wakwe walimwamini kiasi cha kumchangia. Hata hivyo bwami ilijali zaidi kufundisha jinsi mtu anavyopaswa kuwa kuliko kupima kwa nini watu huwa walivyo, na tofauti hiyo kati ya nadharia inayoelekeza na nadharia inayoeleza haina budi kukumbukwa. Serikali ya kikoloni haikujishughulisha na tofauti hizo. Iliona chama chenye siri na utii usiopitia kwake, na mwaka 1948 ikakipiga marufuku.

Kwa Bashi, watu wa milima ya upande wa ziwa, mwenendo ulielezwa na kupangwa kupitia ardhi na ng'ombe. Mtu aliyetaka shamba la kudumu alimpa mkubwa wa ardhi kalinzi, kwa kawaida ng'ombe, naye akapata haki ya kulima na kurithisha. Asiye na uwezo huo alilima kwa bwasa, mapatano ya muda mfupi yasiyompa haki ya kupanda migomba wala mazao mengine ya kudumu. Kalinzi haikuwa bei. Ilifungua uhusiano wa heshima na wajibu uliopita kutoka baba kwenda kwa mwana, na aliyepokea alifungwa nao kama aliyetoa. Mfaransa Marcel Mauss aliandika jambo la namna hiyo mwaka 1925 katika insha yake maarufu juu ya zawadi, akichukua mifano kutoka visiwa vya Pasifiki na sheria za kale. Mzee yeyote wa Kabare au Ngweshe, falme za Bashi, angeweza kumpa mfano mwingine.

Nadharia zilizokuja na ukoloni zilikuwa za aina tofauti. Iliyoacha madhara makubwa zaidi ilidai kwamba falme za Maziwa Makuu zilianzishwa na wageni weupe-weupe kutoka kaskazini, waliopewa jina la Wahamiti. Mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke aliieneza katika kitabu chake cha mwaka 1863, na wamisionari na maafisa wakaichukua kama jambo lisilohitaji ushahidi. Ubovu wake kama nadharia unaonekana wazi ukiipima kwa kipimo cha Popper: popote palipokuwa na mfalme na ibada ya kifalme, ilisema Wahamiti wamepita; na Wahamiti wenyewe walitambulikana kwa kuwa na mfalme. Hakukuwa na tukio lolote ambalo lingeweza kuikanusha.

Katika Kivu ushahidi ulielekea upande wa pili. Mapokeo ya koo za kifalme za Bushi (nchi ya Bashi), Buhavu na falme jirani yanataja asili yao kuwa Lwindi, magharibi, kuelekea msitu wa Walega. Jina bwami lenyewe linatumika kwa ufalme wa Bashi na kwa chama cha Walega wasio na mfalme. Mwanahistoria Richard Sigwalt, aliyefanya utafiti Bushi na kuchapisha makala yake mwaka 1975, alilinganisha desturi hizo na zile za Rwanda, akaonyesha kwamba ibada za kifalme huenda zilisafiri kutoka magharibi kwenda mashariki, kinyume kabisa na njia ya Wahamiti wa Speke. Hoja yake ingeweza kupingwa kwa ushahidi, na hapo ndipo ilipoipita ile ya awali.

Kuna nadharia nyingine ya kikoloni iliyofanya kazi kimyakimya ofisini: ile iliyoeleza kila ukaidi kama ushirikina. Mwaka 1928 iliundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, iliyojulikana kwa kifupi kama CNKi, na ardhi ya milimani ikaanza kugawiwa walowezi kwa ajili ya kahawa na kwinini. Kodi na kazi za lazima zilikuwepo tayari. Kati ya Julai na Septemba 1931 Bushi ikashikwa na harakati ya kidini iliyojulikana kama Binji-Binji, iliyofungamana na imani ya Lyangombe, mzimu ambao watu wa sehemu nyingi za Maziwa Makuu waliufanyia ibada. Kwa afisa wa wakati ule, maelezo yalikuwa mafupi: mganga mmoja amewadanganya watu wajinga.

Miaka 45 baadaye maelezo hayo yalijibiwa mjini Bukavu kwenyewe. Mwezi wa Mei 1976 kituo cha utafiti CERUKI, kilichofanya kazi na Chuo Kikuu cha Ualimu cha mji huo, ISP, kiliitisha kongamano juu ya Lyangombe, na majadiliano yake yakachapishwa mwaka 1979. Humo mwanahistoria Njangu Canda-Ciri aliiweka Binji-Binji katika mfululizo wa upinzani wa Bashi ulioanza tangu kuingia kwa Wazungu. Matukio ni yaleyale, ila nadharia imebadilika, na pamoja nayo yamebadilika maswali. Anayeamini udanganyifu humtafuta mdanganyifu na kumfunga. Anayeamini upinzani huuliza kwa nini mwaka ule, kwa nini milima ile, ni ardhi ipi iliyokuwa imechukuliwa na ni chifu yupi aliyekuwa ameondolewa. Kazi kubwa ya nadharia ni hiyo: huamua ni mambo gani yahesabiwe kuwa ushahidi.

Kati ya afisa wa 1931 na kongamano la 1976 kuna Lwiro. Mwaka 1947 Ubelgiji ilianzisha taasisi ya utafiti wa kisayansi ya Afrika ya kati, IRSAC, na makao yake makuu yakajengwa Lwiro, kaskazini mwa Bukavu katika eneo la Kabare, chini ya milima ya Kahuzi. Majengo yake, yenye maktaba ya mbao nzito na bustani zilizopangwa kwa kamba, bado husimamisha wageni. Mkurugenzi wa kwanza alikuwa Louis van den Berghe. Huko yalichunguzwa matetemeko, wadudu, mimea na vimelea, na chini ya mwavuli huohuo wakatumwa watu wa kuchunguza watu. Biebuyck alikuwa mmoja wao. Jan Vansina, aliyeajiriwa mwaka 1952 akatumwa kwa Wakuba, alitoa mwaka 1961 kitabu kilichowafundisha wanahistoria kuyachukua masimulizi ya mdomo kama ushahidi unaopimika, sawa na hati za maandishi.

Kituo cha IRSAC huko Astrida, Rwanda, kiliongozwa na Jacques Maquet, na kazi yake ni mfano mzuri wa nguvu na hatari ya nadharia. Katika kitabu alichokitoa kwa Kifaransa mwaka 1954, Maquet aliieleza Rwanda ya zamani kama jamii iliyosimama juu ya msingi mmoja: kwamba watu wote, wakubwa kwa wadogo, walikubali kuwa binadamu hawako sawa. Ubwana na uteja wa ng'ombe, ndoa, kesi, hata adabu za salamu, vyote vilitoka katika msingi huo. Ni nadharia safi, inaunganisha mengi kwa machache, na msomaji huifunga akiwa ameridhika. Tatizo lilikuwa kwa watoa habari wake, ambao kwa sehemu kubwa walikuwa Watutsi wa tabaka la juu. Aliwauliza wanaonufaika kama utaratibu unakubalika, wakamjibu kwamba unakubalika. Mwaka 1962 Mmarekani Helen Codere alimpinga: kilichoishikilia jamii ile, alisema, kilikuwa nguvu na hofu. Wakati huo mapinduzi yaliyoanza mwaka 1959 yalikuwa yameshawavusha wakimbizi wengi mpaka, na baadhi yao walikuwa Bukavu. Nadharia ya kukubali haikuwa na nafasi ya tukio kama hilo.

Mtafiti mwingine wa miaka hiyo alipata zaidi kwa kusikiliza wanyonge. Mmarekani Alan Merriam alirekodi muziki wa Bashi mwanzoni mwa miaka ya 1950, na katika kitabu chake cha mwaka 1964 akajenga juu ya uzoefu huo nadharia ambayo bado husomwa katika idara za muziki duniani. Alidai kwamba muziki una sehemu tatu zisizotenganishwa: fikra za watu juu ya muziki, mwenendo wao wanapoucheza na kuusikiliza, na sauti yenyewe. Moja ya mifano yake ni wasichana wa Kishi waliofanya kazi katika shamba la mlowezi. Mbele ya bwana shamba hawakuthubutu kusema malalamiko juu ya ujira na posho. Waliyaimba. Wimbo uliwaruhusu kutamka jambo ambalo maneno ya kawaida yangewaletea adhabu. Mtu anayejua sauti tu angeandika noti na kwenda zake. Nadharia ya Merriam ilimlazimisha mtafiti aulize wimbo unafanya kazi gani, nani anausikia, na kwa nini unaimbwa pale.

Ukichukua mfano huo pamoja na wa Maquet, unaona jambo ambalo vitabu vya mbinu za utafiti hulitaja kwa haraka. Watu wanaotawaliwa wana maneno ya mbele ya bwana na maneno ya nyuma yake. Mtafiti anayekaa sebuleni mwa bwana atasikia ya mbele tu, na nadharia yake itapendeza kwa sababu hiyohiyo.

Baada ya uhuru wa Kongo mwaka 1960 Lwiro ilielekea zaidi katika sayansi za asili, na leo inajulikana kama CRSN. Maswali juu ya watu yalihamia katika vyuo vya mjini: ISP, chuo cha maendeleo vijijini ISDR, na baadaye Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu kilichofunguliwa mwaka 1989. Wanahistoria kama Bishikwabo Chubaka waliandika upya historia ya Bushi kwa kutumia wazee wa Bushi. Wageni waliofanya kazi karibu nao walibadilika pia. David Newbury, aliyekaa kisiwa cha Ijwi katika miaka ya 1970, alikuta koo ambazo vitabu vya zamani vilizichukulia kama vitu vya kuzaliwa navyo, visivyobadilika. Katika kitabu chake cha mwaka 1991 alionyesha kwamba sura yake ya sasa ilitengenezwa katika karne ya 18 na ya 19, watu kutoka pande mbalimbali za ziwa walipokutana kisiwani na ufalme mpya ukagawa kazi za ibada kwa kila kundi. Sherehe ya muganuro, ya mavuno mapya, ndiyo iliyowakusanya na kuwaonyesha nani ni nani. Kwa maneno mengine, ukoo ulikuwa tokeo la historia kabla ya kuwa sababu yake. Katika eneo ambalo siasa yake yote hutanguliza asili ya mtu, hoja hiyo ina uzito kuliko inavyoonekana.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kulitokea jambo dogo katika Buloho, eneo la Kalehe, ambalo lilihitaji maelezo. Wanawake waliobeba mihogo kwenda sokoni walitozwa njiani, wakatozwa tena sokoni, kila mara kwa jina la kodi nyingine. Wakaungana, wakakataa, wakapeleka malalamiko yao kwa wakubwa. Nadharia zilizotawala wakati ule juu ya wakulima wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, zilisema kwamba mtu akibanwa na serikali ya Rais Mobutu hujificha: huhama, hulima kidogo, hufanya magendo, hujitafutia riziki kwa njia zake. Kupinga waziwazi hakukuwemo, na kupinga kwa wanawake zaidi. Catharine Newbury, katika makala yake ya mwaka 1984, aliyatafuta maelezo katika mgawanyo wa kazi. Mashamba yalikuwa yamebanwa na mashamba makubwa ya zamani ya walowezi, mihogo ikawa tegemeo la fedha, na aliyeibeba mgongoni hadi sokoni alikuwa mwanamke. Mzigo wote wa ushuru uliangukia kundi moja, njia moja, siku moja ya soko. Watu wanaoumia pamoja mahali pamoja hupata urahisi wa kusimama pamoja. Nadharia ya kujificha haikufutwa na tukio la Buloho. Iliwekewa mpaka, ikaonekana inafaa pale ambapo kila mtu ana njia yake ya kutorokea.

Vita vilivyoanza mwaka 1996 vilileta nadharia nyingine kwa kasi ambayo Bukavu haikuwa imeizoea. Iliyovuma zaidi ilisema kwamba watu wanapigana kwa sababu ya madini. Ilikuwa na msingi. Mwaka 2000 bei ya koltani duniani iliruka kwa sababu ya mahitaji ya tantalamu katika vifaa vya elektroniki, na mwezi wa Novemba kundi la waasi la RCD, lililoishika Bukavu tangu mwaka 1998, likajaribu kuhodhi biashara yote kwa kampuni moja, SOMIGL. Lakini kusema "madini" hakutoshi kueleza kwa nini kundi lenye silaha hupora kijiji kimoja na kukaa miaka katika kingine.

Hapo ndipo nadharia ya Mancur Olson, mchumi Mmarekani, ilipopata kipimo chake kikali. Mwaka 1993 Olson aliwagawa majambazi kuwa wa aina mbili. Jambazi mhamaji huchukua kila kitu kwa sababu kesho hatakuwepo. Jambazi mkazi hupunguza uporaji na kuuita kodi, kwa kuwa anataka watu wazalishe ili avune tena. Hata huwalinda dhidi ya majambazi wengine. Ilikuwa hoja ya mezani hadi Raúl Sánchez de la Sierra alipoipeleka Kivu. Yeye na timu za watafiti Wakongo walikusanya historia ya vijiji vingi vya Kivu Kusini na Kivu Kaskazini, mwaka kwa mwaka: nani alikuwepo, alitoza nini, alipora lini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020.

Tofauti ya koltani na dhahabu ndiyo iliyofanya kazi hiyo ivutie. Koltani ni nzito, huonekana, hubebwa kwa magunia. Mchimbaji hawezi kuificha anapopita kizuizini. Dhahabu huingia mfukoni. Kama Olson yuko sahihi, bei ya koltani ikipanda makundi yatahamia kwenye machimbo yake na kutoza hapohapo. Ikipanda ya dhahabu, kukaa machimboni hakutawafaidi sana, nao watafuata vijiji ambako wachimbaji hukaa na kutumia fedha zao. Ndivyo ilivyotokea. Madini yalikuwa ya thamani katika hali zote mbili, silaha zilikuwa zilezile, na watu walikuwa walewale. Kilichobadili mwenendo kilikuwa urahisi wa kuficha. Mtu aliyewahi kufika Kamituga, mji wa dhahabu ambako kila kitu huuzwa ghali karibu na mashimo, anaweza kuona jinsi hesabu hiyo inavyofanyika mitaani bila mwanauchumi yeyote.

Nadharia hiyohiyo ilitabiri pia tokeo chungu. Mwezi wa Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, ambayo kifungu chake cha 1502 kiliwataka wenye makampuni kutangaza kama madini yao yanatoka Kongo au nchi jirani. Mwezi wa Septemba Rais Joseph Kabila akasimamisha uchimbaji Kivu Kusini, Kivu Kaskazini na Maniema, hadi Machi 2011. Waliosukuma hatua hizo waliamini kwamba ukikata fedha utakata vita. Lakini jambazi mkazi akinyimwa kodi hana sababu ya kukaa, na akihama huwa mporaji. Dominic Parker na Bryan Vadheim walionyesha katika utafiti wa mwaka 2017 kwamba uporaji wa raia uliongezeka katika maeneo yaliyohusika. Sera ilikuwa na nadharia yake, ambayo haikuwa imepimwa. Gharama ya kuipima ililipwa na wachimbaji wa mikono na familia zao.

Wakati huohuo nadharia nyingine ilikuwa ikijengwa kutokana na mateso yaliyoonekana katika Hospitali ya Panzi, iliyofunguliwa na Dk. Denis Mukwege mwaka 1999 kusini mwa mji. Ubakaji, ilisemwa, ni silaha ya vita: hupangwa ili kuvunja jamii. Mwaka 2008 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliitambua hoja hiyo katika azimio namba 1820, na mwaka 2018 Mukwege akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel pamoja na Nadia Murad. Nadharia hiyo ilifanya kazi muhimu, kwa kuwa iliutoa uhalifu huo katika kundi la mambo ya bahati mbaya yanayoambatana na vita na kuuweka mbele ya sheria. Maria Eriksson Baaz na Maria Stern, waliowahoji wanajeshi wa Kongo, waliona hata hivyo kwamba haitoshi. Wanajeshi wenyewe walizungumzia mishahara isiyofika, dharau ndani ya jeshi, na fikra kwamba mwanamume asiye na uwezo wa kutunza familia amepungukiwa na uanaume. Maelezo hayo si udhuru, na waandishi walisisitiza hivyo. Tofauti yake ni ya vitendo: amri ikiwa ndiyo sababu, mtafute aliyetoa amri; maisha ya kambini yakiwa ndiyo sababu, kumfunga jenerali mmoja kutaacha kambi ilivyo.

Mfaransa Séverine Autesserre aliongeza onyo lingine mwaka 2012, kwamba wageni walikuwa wamebana vita vyote katika hadithi tatu: sababu ni madini, tokeo ni ubakaji, dawa ni serikali yenye nguvu. Ardhi ilisahaulika. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya serikali na kuacha ile ya kimila isubiri amri ya rais ambayo haikutolewa. Mwenye fedha na jamaa mjini aliweza kupata hati ya mlima ambao watu walikuwa wameulipia kalinzi vizazi vitatu. Koen Vlassenroot na Frank Van Acker, Wabelgiji wawili waliofanya kazi Kivu, walieleza jinsi vijana waliopoteza ardhi, na pamoja nayo nafasi ya kuoa na kuheshimiwa, walivyopata katika makundi yenye silaha ya Mai-Mai kile ambacho kalinzi iliwapa baba zao.

Mwishoni mwa miaka ya 2010 waliokusanya ushahidi wa nadharia hizi wakaanza kuandika juu ya kazi yenyewe. Mfululizo wa makala uliopewa jina la Bukavu uliwakusanya watafiti wa Kongo, wengi wao wa vyuo na vituo vya mji huo kama GEC-SH ya ISP, ambao kwa miaka mingi waliajiriwa kuuliza maswali yaliyotungwa Ulaya au Marekani. Waliandika juu ya kupita vizuizi bila bima, juu ya madodoso yasiyotafsirika kwa Kishi wala Kilega, juu ya majina yao kukosekana kwenye makala zilizochapishwa. Malalamiko yao mengine yalihusu nadharia moja kwa moja. Mtu aliyekaa kijijini wiki tatu na kuona kwamba swali limekosewa hakuwa na mahali pa kuandika hivyo, kwa sababu dodoso lilikuwa na visanduku vya kuweka alama tu. Baadhi ya miradi iliyofuata iliwaingiza katika kutunga maswali tangu mwanzo na kuweka majina yao juu ya kazi. Mingine iliendelea kuwalipa kwa siku.